Shuka Mbichi

Mimi ni mtu wa maneno. Anwar, mume wangu, husema hata nikilala bado nabishana na mto. Kwa hiyo mwaweza kupima mateso niliyoyapata kukaa na mimba miezi sita na ushei bila ya kumwambia mtu, ila yeye na mamangu.

Si kwamba sikutaka kusema. Mimba ya kwanza niliisema mpaka watu wakachoka. Niliwaambia jirani zetu wa Timbwani, hapa Likoni, nikawaambia wenzangu wa kazini, nikanunua na vijisoksi vya manjano kabla ya wakati wake. Mtoto akaja mwezi wa saba, mwanamume, mdogo hata nikiogopa kumshika. Tulimwita Najib. Aliishi siku mbili. Mamangu, Bi Salha, anayeishi nasi, alimwosha kwa mikono yake mwenyewe, na watu walipotawanyika baada ya mazishi alikaa ukingoni mwa kitanda changu akaniambia, "Ni mato ya watu hayo, Nadira. Walikuona na tumbo, wakalihusudu. Mara ya pili ikija, usinene. Hata kuku wa nyumbani asijue."

Toka siku hiyo jina la Najib halikutajwa tena nyumbani kwetu. Vijisoksi vilipotea na sikuuliza vilikokwenda. Ilikuwa kama kumtaja ni kuyaonyesha mato hayo ndia ya kurudia, na mimi nilimtaka sana mtoto mwengine, basi nikafunga mdomo.

Nafanya kazi ya dobi katika hoteli moja huko Shelly Beach. Ukisikia dobi ya hoteli usifikirie vitu laini vinavyonukia. Hivyo ni vya wageni. Vyetu sisi ni shuka mbichi. Hazitoki kwenye mashine moja moja kwa adabu. Hutoka zimejisokota bonge moja, zina maji yake bado, unalikumbatia bonge kifuani, unalivuta kwa mgongo, unalitupa kwenye toroli, unalisukuma toroli mpaka kwenye mashine ya kukaushia, kisha unarudi kwa jingine. Kutwa nzima uko wima. Kiti kipo kimoja, na hicho kimekaliwa na madumu ya sabuni.

Zamu yetu ni ya watu watatu. Jael ni mtu wa bara, wa huko Vihiga, ana mikono ya nguvu na Kiswahili cha kunitia homa. Rahima ni wa Mtongwe, mkimya, mtu wa kujua kila kitu na kusema kidogo. Msimamizi wetu ni kijana aitwaye Griffin, aliyeletwa kutoka Nairobi, na ambaye tulikuwa tukimjua zaidi kwa kisogo kwa vile uso wake uko kwenye simu. Kila juma tulikuwa tukibadilishana: mmoja mashine, mmoja pasi, mmoja kukunja.

Tumbo lilipoanza kutokeza nilikwenda kuomba gauni la kazi kubwa zaidi. Nikasema nimenenepa kwa biriani za harusi. Jael alinitazama juu mpaka chini, akasema "Sawa," akarudi kwenye pasi yake. Nilijiona mjanja wallahi. Na juma langu la mashine lilipofika nilivuta shuka kama mwenzangu yeyote, maana kukataa kungekuwa ni kusema, na mimi nilikuwa nimekatazwa kusema.

Likizo ya shule ilipofika hoteli ilijaa. Watu wa bara waliteremka na watoto wao, mchanga ukaingia kwenye kila taulo, na shuka hazikuisha. Jumatatu moja asubuhi nilikuwa nimekumbatia bonge tumbo likakaza. Halikuuma. Lilikaza tu, likawa gumu mkononi kama nazi, kisha likaachia. Nikavuta bonge jingine, likakaza tena.

Nililijua lile kukaza. Mara ya Najib lilinijia hivyo hivyo, mahali pale pale, nikadhani ni gesi, nikanywa maji ya tangawizi na kuendelea na kazi. Usiku wake nikajifungua. Sasa nilikuwa mwezi ule ule, kwenye mashine ile ile, na woga ulionishika sijapata kuuona. Nikaegemea mashine na bonge langu la shuka kifuani, maji yakinitiririkia mpaka viatuni, na bado sikusema kitu.

Jael ndiye aliyekuja. Alininyang'anya bonge, akalitupa kwenye toroli, akateremsha madumu ya sabuni kutoka kwenye kiti.

"Kaa," akasema.

"Mimi mzima."

"Nadira, kaa chini. Hiyo tumbo imefanya nini?"

"Tumbo gani?"

"Hiyo umebeba toka Ramadhani."

Nikakaa. Nilimgeukia Rahima, na yeye alikuwa akikunja taulo zake bila ya kuinua uso. "Sote twajua," akasema. "Hata mpishi yuwajua. Ulivyokuwa huneni, tukaona umekatazwa na wazee wako. Nami nikamkataza Jael asikutajie mimba, isije ikawa yeye ndiye aliyeiharibu."

"Mimi nilitaka kukutoa kwa hiyo mashine toka mwezi jana," Jael akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Rahima akaniambia nyinyi watu wa huku mtu akitaja mimba anaiharibu. Sasa mimi ningefanya nini? Nilikuwa nakuangalia tu ukivuta, roho inaniuma."

Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio papo hapo. Watu watatu ndani ya chumba kimoja, wote twajua, wote tumenyamaza kwa kupendana, na anayevuta shuka ni mwenye mimba. Hasira zilinipanda na sikujua nimrushie nani. Tumbo likakaza mara ya tatu. Jael akanishika mkono, akanipakia kwenye tuktuk na kunipeleka kliniki, huku amevaa aproni yake ya kazi.

Nesi alinilaza, akanipima, akanishika tumbo kwa muda mrefu. Akaniwekea kile kidude cha kusikilizia, na moyo wa mwanangu ukajaa chumbani, mbio mbio, kama mtu aliyechelewa mahali. Aliniambia njia ya uzazi bado imefunga. Nikanyweshwa maji, nikapumzishwa hapo mpaka adhuhuri, na kukaza kukapungua hadi kukakoma.

Hapo ndipo nilipomuuliza lile nililokuwa nimelimeza muda wote. "Yule wa kwanza, ni kazi iliyomuua?"

Nesi hakukimbilia kujibu, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. "Sijui," akasema. "Na yeyote atakayekwambia anajua kwa hakika, usimsikilize. Watoto wengi huwahi na sababu haionekani. Wako wanaobeba mizigo mpaka mwisho wakajifungua salama, na wako wasiobeba kitu mtoto akawahi. Lakini kusimama kutwa na kuinua vitu vizito kunaongeza hatari, na wewe ulishawahi kuzaa kabla ya wakati. Mengine tutayaangalia hapa kliniki. Hilo la mizigo uko nalo mkononi mwako."

"Basi nilale kitandani mpaka mwisho?"

"Hapana. Kulala kutwa hakutakusaidia. Tembea, pika, fanya kazi zako nyepesi, ukichoka kaa. Ila shuka hizo usivute tena. Na likianza kukaza kwa kufuatana usingoje kesho. Waambie kazini kwako."

Waambie. Alilisema hivyo, kama kumwambia mtu afunge dirisha. Hakujua nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa na uzito gani.

Mamangu alikuwa akichambua mchele nilipoingia. Nilimweleza yote, ya tumbo, ya tuktuk, ya nesi, na kwamba dobi nzima wajua. Mikono yake ikasimama juu ya uteo.

"Umenena," akasema.

"Sikunena, mama. Walikuwa wajua wenyewe."

"Na wataka kwenda kumwambia na huyo mkubwa wenu."

"Ndio."

"Nadira, hukuzika wewe? Wataka kuzika tena?"

Hapo nikashindwa kujizuia. "Mama, mimba ya kwanza niliisema kwa kila mtu, na shuka nikavuta. Hii sikuisema kwa mtu, na shuka nikavuta. Tumbo limekaza pale pale. Haya, ni mato ya nani yaliyokuwa kwenye hiyo mashine?"

Sijawahi kumjibu mamangu hivyo, na nilipomaliza nilitaka ardhi inimeze. Anwar, aliyekuwa akila, aliinamia sahani yake akawa anatafuta mwiba kwenye wali wa nazi mtupu. Mamangu alibeba uteo wake akaingia jikoni, na siku nzima hakunisemesha.

Kesho yake nilikwenda kazini nimejiandaa kumkabili Griffin. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia pale mlangoni pa dobi niliponusa ubani. Nilidhani nawaza tu. Kisha nikamwona mamangu kasimama kwenye mlango wa nyuma, kavaa baibui yake ya kutokea, chetezo mkononi, mlinzi wa getini yuko nyuma yake amechanganyikiwa. Mpaka leo sijui alimwambia nini yule mlinzi.

Alizunguka chumba kizima. Akafukiza mashine za kufulia, akafukiza za kukaushia, akayafukiza na matoroli. Rahima alisimama kwa heshima kama aliye msikitini. Jael alipofikiwa akafunga macho na kunyoosha shingo, ubani umpate vizuri. Griffin alitoka ofisini kwake akipiga chafya.

"Shikamoo," akasema, maana hata mtu wa simu ana mamake.

"Marahaba. Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Ndio, mama."

Mamangu aliweka chetezo chini. Nilimwona akivuta pumzi, nikajua anachotaka kufanya kabla hajakifanya.

"Huyu mwanangu ana mimba," akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni. "Ni ya miezi saba. Daktari wake amemkataza kuvuta hizi nguo za maji. Yuwataka kazi ya kukaa, na yuwataka kiti. Kile chako nimekiona, chatosha."

Mwanamke aliyeniambia hata kuku asijue, ndiye aliyekuwa amesimama mbele ya watu wa hoteli akiitangaza mimba yangu kama mwadhini. Nilijua lilivyomtisha neno lile. Alilitoa tu kwa kuwa alinipenda kuliko alivyoogopa, na nilipenda nimkumbatie, lakini yeye si mtu wa kukumbatiwa mbele za watu.

Griffin alitia simu mfukoni. "Lakini mbona hamkuniambia mapema?" akauliza. Alikwenda ofisini akakileta kiti, chenye magurudumu na mto wa mgongo.

Kuanzia hapo nilikunja foronya za mito na vitambaa vya meza nikiwa nimekaa, na nikiona miguu imevimba nainyoosha juu ya dumu la sabuni. Jael alichukua zamu yangu ya mashine moja kwa moja. Yeye na Rahima wakaacha kutoa bonge zima kwa mara moja. Walitoa nusu nusu, wakalisukuma toroli wawili, na wakagundua hata migongo yao imeacha kuuma. Kila Jumatatu Jael alikuwa akinipokea mlangoni kwa swali moja: "Bado ako ndani?" Nami nikijibu yumo, alikuwa akipiga makofi mara moja, akaenda kufungua mashine.

Juma lile la mimba alilozaliwa Najib likaja. Usiku sikulala vizuri, na mamangu alihamishia mkeka wake chumbani mwangu. Juma likapita. Likapita na lililofuata. Tumbo lilikaza mara moja moja, nikakaa, likaachia. Nilianza kuwa na tumaini, kwanza kidogo kidogo, kisha bila ya aibu. Mamangu naye kinywa kilifunguka kabisa. Alimwambia muuza samaki, akamwambia fundi wa cherehani, na Anwar akaniuliza kama kuna mtu Likoni aliyebakia hajaambiwa.

Mwanangu alikuja mwezi wa tisa, wakati wake, msichana wa kilo tatu, mwenye sauti inayofanana na yangu. Tukamwita Mwanarehema.

Siku ya arubaini wageni walijaa sebuleni. Jael na Rahima walikuja na furushi. Ndani mlikuwa na nepi zilizokatwa kwenye shuka kuukuu za hoteli ambazo Griffin aliwaruhusu wazichukue, zimeshonwa pindo, zimepigwa pasi, zimekunjwa vile tunavyokunja sisi, kona kwa kona. Nilizishika usoni. Zilikuwa kavu, na laini kwa kufuliwa miaka.

Jirani mmoja mgeni, aliyehamia mtaani juzi juzi, alimtazama mtoto mapajani mwa mamangu. "Mashaallah, Bi Salha," akasema. "Huyu ndiye wa kwanza wa Nadira?"

Rahima aliacha kutafuna kaimati. Anwar, kule mlangoni, aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa na jibu tayari, lile la siku zote, la kutikisa kichwa na kubadilisha mazungumzo.

"Wa pili," mamangu akasema. Alimrekebisha mtoto kilemba, akaendelea kwa sauti yake ya kawaida. "Wa kwanza ni Najib. Alikuja kabla ya wakati, akakaa nasi siku mbili."

Hakuna aliyeuliza zaidi, ila Jael, ambaye hajui kunyamaza pale tunaponyamaza sisi. "Alifanana na huyu?"

Mamangu alimwinamia Mwanarehema, akamtazama kwa makini. "Masikio," akasema. "Masikio ni yale yale."

Kisha akatia mkono chini ya mto, akatoa vijisoksi viwili vya manjano, na kumvisha mjukuu wake mbele ya watu wote.