Udongo wa Aksirau Ndani ya Sufuria

Mkate huu ulio mbele yangu unipige kama humu kuna neno la uongo. Najua mji mzima wa Aktau unanicheka. Yule samaki niliyesema nimemvuta kwa winchi ya lori, haya, yule nilimwongezea urefu kidogo. Hii sikuiongezea hata ukucha.

Kwa miaka ishirini na mmoja nilitunza sumaku katika maabara ya mawe. Shule sikufika mbali, nilijifunza kwa kuuliza na kwa kuharibu. Kazi yenyewe ni hivi. Ndani ya jiwe kuna maji, au mafuta, yaliyojificha kwenye vitundu ambavyo jicho halivioni. Unaliweka jiwe katikati ya sumaku, mashine inalipigia mawimbi, tak, tak, tak, kisha inanyamaza na kusikiliza. Kilichomo ndani kinaitika. Maji yaliyobanwa kwenye udongo huitika na kukata sauti mara moja. Nyama na mafuta huitika taratibu, sauti inafifia polepole kama mtu anayeondoka bila kutaka. Nilikuwa naingiza kidole changu mle kuwaonyesha wageni. Jiwe na kidole, mashine ni ileile, na ukishaijua tofauti huwezi kuisahau.

Mkuu wangu alikuwa Raushan, binti wa dereva Yermukhan. Huyo Yermukhan alikuwa akipeleka maji kambini kwa wachimba visima kwa lori la tangi. Masika moja, miaka thelathini na sita nyuma, alikatisha katikati ya Aksirau, lile bonde la chumvi. Juu kulikuwa kumekauka, peupe kama meza iliyotandikwa. Walifuata alama za magurudumu hadi katikati, zikaishia hapo. Hapakuwa na shimo wala kipande cha bati. Tope lilikuwa limejifunga.

Mjane wake, Bibisara, hakuwahi kuwa na kaburi la kwenda kulilia. Kila Ijumaa alikaanga mikate saba ya marehemu, na hakujua auelekeze wapi uso.

Basi mwaka wangu wa mwisho kazini watafiti wakatoboa Aksirau kuchunguza maji ya chumvi, wakatuletea vipande vya udongo vya mviringo, vinene kama mkono, vimezongwa nailoni tabaka kwa tabaka. Havifunguliwi, vikifunguliwa vinakauka. Vilikaa kwenye friji ya sampuli, na mlangoni tumeandika kwa wino mwekundu: CHAKULA MARUFUKU. Niliandika mimi mwenyewe.

Alhamisi shemeji yangu akaniletea kazini soseji ya farasi, ile kazy yetu ya mbavu, na ubavu wenyewe umo ndani. Ningeiacha mezani wangeimaliza wale vijana wa mizani. Nikaizonga nailoni, nikaisukuma kwenye friji, rafu ya arobaini na nne, kando ya vipande vya Aksirau.

Mnaona ninakoelekea. Jioni nikachukua kifurushi, nikaenda nyumbani.

Mke wangu Kalamkas hakuwa na miwani. Alikata nailoni juu ya sufuria inayochemka, akatumbukiza. Baada ya muda akaniita.

"Wewe mzee! Njoo uone mchuzi wako."

Maji yalikuwa ya kijivu, na harufu ya chumvi imejaa jiko.

"Miaka arobaini nakupikia," akasema, "leo umeniletea tope?"

Ulikuwa udongo wa Aksirau. Nikamwambia afunike, asimwage hata tone.

Ijumaa nilifika mapema kuliko siku zote ili niitoe soseji kabla hapajawa na mtu. Raushan alikuwa ameshafika. Mashine ilikuwa inagonga, tak, tak, tak, naye amekaa mbele ya kioo cha mashine, kiganja mdomoni. Mstari ulikuwa unashuka taratibu, taratibu. Niliujua ule mstari. Ni wa kidole changu.

"Mzee Konisbai," akasema bila kugeuka, "hii ni nyama."

Nikafungua mdomo.

"Chumvi huhifadhi," akasema. "Miaka thelathini na sita si kitu kwa chumvi. Usiiguse. Nimeshampigia mama, yuko njiani."

Nikafunga mdomo. Nilibakiza miezi miwili nistaafu, ndiyo, lakini hiyo si sababu yote. Sijawahi kuona uso wa mtu ukilegea namna ile, kama aliyetua mzigo.

Nyumbani nilimkuta Kalamkas amekaa nje na koti la baridi.

"Siingii jikoni," akasema.

"Kuna nini?"

"Kifuniko kinagonga. Mara tatu, kinanyamaza. Mara tatu tena."

"Ni maji yanachemka."

"Moto nilizima jana, Konisbai."

Nikaingia. Nilishika sufuria, ilikuwa baridi. Nikasimama pale, nikasikia kwa masikio yangu haya: tak, tak, tak. Nikajiambia ni masikio ya mtu aliyekaa na sumaku miaka mingi. Hata hivyo nilitoka kinyumenyume.

Bibisara alifika Jumamosi na kitambaa cheupe mkononi, kimekunjwa vizuri. Kabla ya kumpa kile kifurushi, Raushan alitaka kukipiga picha kwenye sumaku kubwa, inayoonyesha ndani bila kukata. Tulikaa kwenye viti tukingoja. Bibi alisikiliza ile mashine ikigonga, akatabasamu.

"Baba Raushan alikuwa hivyo," akasema. "Akirudi safari, kabla hajashuka, anagonga tangi kwa spana. Mara tatu. Nami najua niweke chai."

Nywele zangu, zile chache, zilisimama. Jambo hilo sikuwa nimewahi kulisikia, wala Kalamkas.

Picha ikatokea. Kijivu, na katikati upinde mweupe uliopinda vizuri. Ubavu. Raushan akaanza kulia bila sauti. Bibisara alivaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akatazama kwa muda mrefu mno.

"Na hivi vidoti vyeusi?"

"Sijui, mama. Labda kokoto."

"Pilipili manga," akasema bibi. "Na hiki hapa kitunguu saumu, kizima, hakikukatwa. Nimejaza matumbo ya farasi miaka sitini, mwanangu. Hii ni kazy." Akageuka. Hakumtazama mtu mwingine yeyote, alinitazama mimi. "Hii ni yako, siyo? Udongo wa mume wangu uko wapi?"

"Jikoni kwangu, mama. Kwenye sufuria."

Raushan alinyanyuka, nikadhani atanipiga, na ningesimama nipigwe. Bibi akamshika mkono.

"Umepika?"

"Umechemka kidogo, mama. Hatukumwaga kitu. Lakini kifuniko kinagonga. Mara tatu."

Bibisara alianza kukikunjua kile kitambaa cheupe.

"Nipeleke," akasema. "Kisha tutazungumza faini yako. Una farasi?"

"Mmoja, mama. Jike la kijivu, nalinenepesha kwa ajili ya baridi."

"Ulikuwa unalinenepesha kwa ajili ya Yermukhan. Hukujua tu."

Nililipa. Jike langu la kijivu lililisha watu sitini ukingoni mwa Aksirau, nami nilichimba kaburi kwa mikono yangu, nikakataa kusaidiwa. Sufuria ilishuka na kila kilichokuwamo, imefungwa kitambaa. Bibi alipotupa konzi ya kwanza ya udongo, kutoka chini sote tukasikia: tak, tak, tak. Naye akasema, "Chai iko tayari."

Kalamkas anasoma hapa begani kwangu. Anasema huo ni uongo. Bibi alisema maneno hayo, kweli, lakini kaburini hapakugonga kitu, palikuwa kimya kabisa, na ndiyo maana bibi alilia. Kuligonga jikoni tu.

Haya. Nimeshikwa. Vyombo vya leo naosha mimi, na vya kesho, na huu mkate anauondoa mezani.