Uchafu wa Ukutani

Haya nilisimuliwa na mama mkwe wa yule mfagiaji wa chuo, Jumamosi iliyopita, tukisubiri zamu yetu bombani. Naye aliyapata kwa mkwewe kidogo kidogo, maana mkwewe si msemaji.

Wanafunzi wa chama cha haki walimfuata chooni akipiga deki. Dawa wanayopewa wafagiaji ni kali, glavu hawapewi, na ngozi ya viganja vyake ilikuwa inabanduka. Akakubali kupigwa picha. "Mikono tu, wanangu. Sura hapana."

Jumatatu akajikuta kabandikwa chuo kizima, mikono na sura.

"Uso ndio unaogusa watu, mama," binti kiongozi wao akamwambia, huku amemkumbatia.

Msimamizi alimwita kabla hajashika ndoo.

"Karibu, mheshimiwa! Siku hizi tunakuona hadi kwenye kuta. Hivi kazi yako hapa ni nini?"

"Usafi, bosi."

"Na kile pale ukutani ni nini?"

Akaitazama sura yake. "Uchafu, bosi."

"Haya. Si unajua kazi yako?"

Gundi ilikataa maji. Akaimwagia dawa ileile, akakwangua kwa kucha. Alipofika maktaba, wanafunzi wakamzunguka.

"Mama, unajibandua mwenyewe?"

"Kashanunuliwa huyo!" mmoja akapaza sauti, wenzake wakazomea.

Msimamizi alikuwa kaegemea mlango, anachezea funguo. "Waambie, mama. Kuna aliyekulazimisha?"

"Hakuna, bosi."

Wakatawanyika. Binti kiongozi akabaki, machozi yanamlengalenga, akamnong'oneza: "Mimi nimeelewa, mama. Usife moyo. Kesho tunabandika nyingine, kubwa zaidi, kwa gundi ya nguvu."

Mfagiaji alitaka kumwambia wasibandike. Msimamizi alikuwa anatazama. Akainua ndoo, akaenda ukuta wa pili.

Jioni mama mkwe ndiye aliyemlisha, tonge kwa tonge, kama mtoto.

"Kwani huwezi kuwakataza hao watoto?"

"Wananipenda, mama."

"Na kazi, ukiiacha?"

Akacheka kidogo, mdomo umejaa. Wakaachana na habari hiyo.

Akalala chali, mikono kaitoa nje, maana shuka likigusa tu viganja vinawaka moto. Mama mkwe akakaa akisikiliza pumzi zake hadi zilipotulia. Kisha akazima taa, naye akalala, kwani alfajiri ndiye wa kumfungia vifungo vya sare.