Baba Hajui Kiingereza

Shuleni kwetu Kisongo, mwanafunzi akifaulu Baiolojia anapigiwa makofi paredi. Akifaulu Fasihi ya Kiingereza anaulizwa imekuwaje. Nimelifundisha somo hilo kiasi cha kutosha kuwa mkali, na walimu wenzangu wa sayansi wanajua wasinitanie kabla sijanywa chai. Kwa hiyo Naisiae wa kidato cha nne aliponiambia anataka kuchukua kombi ya lugha kidato cha tano, nilifurahi mpaka nikamnunulia maandazi. Hata hakuyamaliza.

"Baba amekataa, Madam," alisema. "Na tangu nimwambie, hanigusi kichwa."

Mimi ni Mchaga, lakini nimekaa na watu wa Kisongo siku nyingi, sikuhitaji kuelezwa. Huku Umaasaini mtoto haamkii kwa mdomo tu. Anainamisha kichwa mbele ya mkubwa, mkubwa anaweka kiganja utosini, basi, siku imeanza vizuri. Naisiae alikuwa akiinama kila asubuhi mbele ya baba yake, Mzee Lesikar, na mzee alikuwa akimpita kana kwamba anatafuta fimbo yake. Hakumpiga, hakumtukana, hakumnyima chakula. Alimpita tu. Msichana alinisimulia huku anacheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko kama angelia.

Nisimwonee mzee. Mwaka juzi ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, iliingia zizini mwake, na daktari wa mifugo alipofika kutoka mjini alikuta watu wanachuna ngozi. Tangu hapo mzee akaapa kwamba mtoto wake mwenye akili atakuwa daktari wa mifugo, tena wa hapo hapo nyumbani. Na Baiolojia Naisiae anaiweza, ndiyo shida yenyewe. Angekuwa anapata sifuri, nani angemgombania?

Mahafali yalipokaribia, mkuu wa shule aliniagiza niandae mchezo wa kuigiza. "Kiingereza kitupu, Madam Agnela. Mgeni rasmi aone ubora wetu." Kwamba wazazi wengi wasingeambulia kitu, hilo halikumnyima usingizi. Nilimwachia Naisiae auandike, kwa sababu darasani hakuna anayemkaribia kwa kalamu.

Alichoniletea nilikisoma nikiwa nimesimama. Kulikuwa na tajiri wa mjini, mwenye suti na duka la vitambaa ambalo liliwahi kuungua moto. Alitaka binti yake asome biashara aje kuliinua duka. Binti alitaka kuwa mwandishi. Kisha binti anakwenda kuomba radhi, anainamisha kichwa, na baba hamgusi.

"Naisiae, matajiri wa mjini hawana habari za kugusana vichwa," nilimwambia.

"Sasa Madam, wao binti akitaka radhi ya babake anafanyaje?"

"Apige magoti."

"Magoti tunapiga kanisani, Madam."

Nikajaribu upande mwingine. "Utamwaibisha baba yako mbele za watu."

"Baba hajui Kiingereza," alisema. "Ndiyo maana nimeandika kwa Kiingereza."

Siku ya mahafali turubai lilifungwa uwanjani, viti vya plastiki vikapangwa, na pilau ikawa inanukia nyuma ya bwalo. Hiyo pilau ndiyo iliyowafanya watu wavumilie hotuba. Mzee Lesikar alikaa safu ya tatu, amevaa koti juu ya shuka, fimbo ameiweka katikati ya magoti. Kabla ya mchezo kuanza nilimwona Naisiae akimwendea na kumwinamia. Mzee aliinua macho akawa anachunguza turubai. Nilitamani kumwendea nimwambie la moyoni, lakini mgeni rasmi alikuwa ndiyo anaingia.

Jukwaa letu lilikuwa baraza la darasa la kidato cha kwanza. Hans, mvulana mrefu kuliko wote shuleni, alicheza baba kwa suti ya mjomba wake. Kwa muda mambo yalikwenda kama kawaida ya michezo ya Kiingereza: mgeni rasmi anatikisa kichwa, mkuu wa shule anatabasamu, wazazi wanaulizana bei ya maharage. Mimi nilisimama pembeni, tayari kumkumbusha atakayesahau.

Kisha Naisiae akainamisha kichwa. Hans alisema maneno yake, akakunja mikono, akampa mgongo.

Maongezi yalikatika. Mama mmoja karibu yangu alisonya kwa nguvu. Barazani Naisiae alibaki ameinama, kama tulivyofanya mazoezi.

"We baba!"

Mzee Lesikar alikuwa amesimama, fimbo imemwelekea Hans. "Huoni mtoto ameinama? Mguse!"

Watu walicheka. Halafu kina mama wakadakia, "Mguse! Mguse bwana!" Hans, ambaye urefu wake wote hauna ujasiri wowote ndani, aligeuka akasema, "Shikamoo mzee," kwa Kiswahili safi, mbele ya mgeni rasmi. Mkuu wa shule alinikazia macho. Nikapenya haraka mpaka safu ya tatu, nikasimama kando ya mzee.

"Mzee, kaa tafadhali. Ni mchezo tu."

"Mchezo gani wa kumwacha mtoto ameinama? Amekosa nini? Huyo baba alikuwa anasema nini?"

Ningeweza kumdanganya, na pengine ningekuwa na siku nyepesi zaidi. Lakini mimi kazi yangu ni maneno, na siwezi kuyachezea mbele ya mtu anayeyauliza. Nilisogea sikioni kwake nikamtafsiria. "Anasema, nilikuzaa uje uwe mkono wangu, wewe unataka kuwa mdomo. Mdomo ninao."

Fimbo ilishuka polepole. Mzee akakaa, nami nikachuchumaa kando yake.

"Hayo ni maneno yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Niliyasema kwa Kimaasai."

Yalitoka Kimaasai yakaingia Kiingereza, yakamrudia kwa Kiswahili cha Mchaga, na bado aliyatambua. Nilimwonea huruma. Hasira yote niliyokuwa nimemwekea iliniishia pale pale chini.

"Na mtoto anajibu nini?" aliuliza.

"Bado hajajibu, mzee. Umemkatiza."

"Basi ajibu."

Nilimwambia Naisiae kwa sauti aendelee. Alikuwa hajainua kichwa wakati wote huo. Alianza kusema, kwa Kiingereza, macho yakiwa sakafuni, na mimi nikawa nampokezea mzee sentensi moja moja, sikioni.

"Anasema, duka lilipoungua, watu wengi walikuja kuangalia kilichopotea. Wakakupa pole, wakaondoka. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, baba. Nilikusikia ukilia. Mkono hauwezi kuyasema hayo, na wewe hutayasema. Ndiyo maana naomba niwe mdomo."

"Si duka," mzee alisema.

Hapo ndipo nami nilipoelewa. Sentensi zile nilizisahihisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu, nikaweka alama ya vizuri pembeni, na sikuona zizi hata mara moja. Wala sikuona kwamba msichana alikuwa amemfunika baba yake, kwa suti, kwa duka, kwa lugha nzima ya kigeni, asije mtu wa Kisongo akajua kwamba Mzee Lesikar alilia.

"Najua, mzee," nilisema.

"Kuna mwingine anayejua?"

"Wanaosikia Kiingereza wamesikia habari za duka. Waliobaki wanasubiri pilau."

Mzee akasimama, akaiacha fimbo juu ya kiti, akaenda barazani. Hans alimpisha upesi mpaka akajigonga mlangoni. Naisiae, ambaye hakuwa akiona chochote isipokuwa saruji, alihisi kiganja utosini akadhani mwenzake amechanganyikiwa.

"Hans, bado!" alinong'ona kwa ukali.

Kiganja hakikuondoka. Ndipo akaona, mbele ya viatu vyake vyeusi vya shule, zile katambuga za tairi anazozijua tangu atambae.

Vigelegele vilipigwa mpaka mgeni rasmi naye akasimama kupiga makofi, akidhani ndivyo mchezo unavyoisha, na mkuu wa shule hakuona haja ya kumsahihisha. Mzee hakuwa na haraka. Mkono ulikaa pale kwa asubuhi zote alizompita.

Baadaye tulikutana kwenye foleni ya pilau. Nilimwamkia, akaitikia. Naisiae alikuwa nyuma yake ameshika sahani mbili, macho mekundu.

"Mwalimu," mzee aliniambia, "ng'ombe nitawatafutia daktari mwingine."