Kwa Nini Edah Aliweka Kalamu Chini

Edah alikuwa amekwisha andika herufi mbili za jina lake alipoliona lile neno. Akaweka kalamu chini.

Walikuwa ofisini kwa Wakili Mukhisa, mjini Kitale. Edah, au Mama Nangila kama wengi walivyomwita, mjane kutoka Myanga kule Bungoma, alikuwa anamkodishia Jerono ekari tano za kule Endebess alizoachiwa na mumewe, kwa misimu mitatu ya mahindi. Walishakubaliana kila kitu na mipaka walishaitembea pamoja. Ilibaki sahihi tu. Lakini mkataba ulikuwa wa Kiingereza, na kando ya jina lake paliandikwa "demises".

Kiingereza cha Edah kilikomea darasa la saba, ila neno hilo alilijua. Lilisomwa redioni pamoja na jina la Wamalwa, mumewe, wiki aliyofariki. Kwake "demise" lilikuwa neno la matangazo ya vifo; hakuwahi kulisikia kwingine.

"Leo siwezi," alisema, akachukua mkoba na nakala yake, akaondoka.

Ilikuwa katikati ya Machi, mvua i mlangoni, na Jerono alishaagiza trekta. Alipiga simu, haikushikwa. Akajiambia huyu mama amepata mtu mwingine wa kumpa shamba. Siku ya tatu uvumilivu ukamwishia, akaenda Myanga mwenyewe.

Alimkuta Edah uani akipukuchua mahindi.

"Mama Nangila, kama umepatia mtu mwingine, si ungeniambia tu?"

Edah aliingia ndani, akatoka na mkataba, akaweka kidole penye neno. "Soma hapa. Edah anafanya nini?"

Jerono alisoma mstari hadi mwisho, kisha akaurudia. "Ati hapa umekufa," alisema polepole, "na jina langu ndilo linafuata."

"Sasa ningekuambia nini kwa simu? Nilidhani ni wewe ulisema waandike."

"Mimi? Woi, Mama Nangila!"

Kesho yake asubuhi walikuwa Kitale pamoja. Mukhisa aliwasikiliza bila kucheka.

"Mama, hicho ni Kiingereza cha kale," alisema. "Mwanzoni neno hilo lilikuwa na maana ya kumpa mtu ardhi, kwa kukodisha ama kwa wasia. Mfalme wa Waingereza akifa, ufalme ulipewa mrithi, wakatumia neno hilo hilo. Watu wakashika la kifo, wakaacha la shamba. Tumebaki nalo sisi mawakili."

"Na hujui sisi tunalisikia wapi?"

Mukhisa alivua miwani. Alikiri kwamba aliandika alivyofundishwa, na miaka thelathini hakuna mteja aliyewahi kumwuliza. "Lakini kisheria ni sahihi," aliongeza.

"Liwe sahihi. Mimi siweki jina langu hapo."

Mkataba ukachapwa upya, safari hii kwa neno "leases", yaani anakodisha. Edah aliupitia wote kwa kidole, mstari kwa mstari, ndipo wakatia sahihi.

"Nilikuwazia vibaya," Edah alisema walipotoka nje.

"Hata mimi. Nilisema umenigeuka."

Trekta ilikuwa imekwenda kwa mtu mwingine, hivyo Jerono alichelewa kupanda, wiki nzima nyuma ya majirani. Mwisho wa Mei Edah alipofika Endebess, mahindi yalikuwa yanamfika kiunoni, ya jirani begani. Edah alisema yatakuja tu. Jerono akamtilia chai, wakazungumzia mbolea.