Ukoko wa Isale

Mchele ulianza kulia. Sauti ndogo, kavu, tk-tk-tk, chini kabisa ya karai, na Maxime akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mama! Iko inaungua! Lete maji!"

"Apana maji," alisema Mwavita. Hakuinua hata macho. Alivuta kuni moja ya mkaratusi kutoka katikati ya mafiga, akainamisha sikio juu ya karai. "Wacha iongee."

"Lakini hii harufu..."

"Harufu nimeisikia mbele yako. Ukitia maji humu, leo utalala na alama ya mwiko kwa paji la uso."

Maxime akabaki na kikombe mkononi. Alikuwa mpishi wa hoteli moja ya mjini, mtu mzima wa miaka arobaini, mpole, mwenye kofia nyeupe ndefu isiyozoea upepo wa milimani. Na kusema kweli, nani angemlaumu? Kuanzia Kinama mpaka Kigobe, mitaa yote ya Bujumbura, wali ukitoa mlio ule kila mpishi hukimbilia maji, hufunika, huomba Mungu. Wali unaolia ni wali ulioharibika. Hivyo ndivyo watu wote walivyolelewa.

Lakini huu ulikuwa paela, wali wa Kihispania, na paela Mwavita alifundishwa na Sista Pilar, Mhispania, katika jiko la misheni kule Uvira, upande wa Kongo, miaka kumi na mmoja mfululizo. Sista alikuwa akimchapa vidole kila aliposhika mwiko. Mchele wa paela haukorogwi, mwanangu. Unaachwa ushike chini, mpaka ukoko uwe mwembamba, mkavu, wa rangi ya karanga. Siku vita ilipofika misheni, Sista alipakiwa kwenye gari la wazungu na Mwavita akapanda mtumbwi. Karai lile, pana kama ungo na lenye masikio mawili, ndilo pekee alilovuka nalo ziwa.

Sasa alikuwa akilipikia nyuma ya gari la mizigo, kwenye kilima cha Isale, amefichwa.

Ndiyo, amefichwa. Safari iliitwa Hispania Bila Viza. Ilikuwa fikra ya Valéry, patro mwenye safari, aliyewahi kukaa Madrid siku tisa na kurudi akijua kila kitu. Watumishi wanane wa serikali walichukua likizo, wakavaa vitambaa vyekundu shingoni, wakashika fimbo, wakaanza kutembea kutoka Kamenge. Siku tano za vilima, gitaa likilia kwenye redio ndogo, na kila kituo chakula chake cha Kihispania. Usicheke. Viza wangeipata wapi?

Miezi mitatu Mwavita alimpikia Valéry majaribio yote: viazi na mayai ya kugeuza, supu baridi ya nyanya, paela ya mukeke na ndagala, samaki wa ziwani, kwa mchele wa bonde la Imbo. Wiki mbili za mwisho akaombwa amwonyeshe Maxime kidogo tu. Asubuhi hii, pale Kamenge, ndipo alipoona karatasi ya kutangaza safari. Karai lake lilikuwa pale kwenye picha, linang'aa. Mikono iliyolishika ilikuwa ya Maxime.

"Wageni wanapenda kuona shefu," Valéry alimweleza, sauti ya asali. "We utapika, yeye atapakua. Utakaa nyuma ya gari, wasikuone. Elewa, mama. Ukitoka pale mbele, kazi imeisha. Nina watu wengine."

Mwavita alikataa kupanda gari. Aliweka karai kichwani akapanda mlima kwa miguu, nyuma kabisa ya wageni, na njia nzima neno lile lilimkwaruza rohoni: wasikuone. Maisha yake amejificha mara nyingi huyu mama. Amejificha chini ya kitanda, kwenye shamba la mihogo, ndani ya kanisa, na kila mara kulikuwa na sababu inayoeleweka, kulikuwa na risasi. Ajifiche leo kwa sababu ya kofia?

Mlio ulikoma. Karai likanyamaza ghafla, na hapo Mwavita akajua ni tayari.

"Sasa tuchote," alisema Maxime, akipanga sahani nyeupe.

"Sahani za nini?"

"Za... za wageni, mama."

"Paela haichotwi. Sista angeamka huko aliko." Alikunja vitambaa viwili, akashika masikio ya karai, akalinyanyua. Lilikuwa zito, na mvuke ulimpiga usoni. "Chukua vijiko, Maxime. Vya mbao. Vijiko tisa."

"Wageni ni wanane."

"Mi najua kuhesabu."

Akatoka nyuma ya gari, Maxime akimfuata na vijiko.

Wageni walikuwa wamekaa kwenye meza ndefu, viatu wamevua, wakitazama Ziwa Tanganyika huko chini na milima ya Kongo ng'ambo. Walimwona mama wa makamo, kitenge kimefungwa kiunoni, masizi mkononi, akiwajia na karai lenye mchele wa manjano na samaki wa mukeke waliopangwa kama miale ya jua. Wakapiga makofi. Valéry hakupiga. Alisimama katikati ya hotuba yake ya Madrid, mdomo wazi.

Mwavita akaweka karai katikati ya meza, juu ya kitambaa cheupe.

"Karibuni. Hii chakula inakuliwa humuhumu, kila mutu upande wake. Usivuke kwa jirani, ni tabia mbaya. Na mwenye kupika anakaa, anakula na watu." Akavuta kigoda, akakaa.

"Mama Mwavita." Valéry alimwinamia sikioni, akitabasamu kwa ajili ya wageni. "Rudi nyuma. Sasa hivi."

"Mi nimefika, patro. Sirudi."

Alichukua kijiko, akala. Alikuwa na njaa, na chakula kilikuwa kizuri, na alikuwa na hasira, na vyote vitatu vilishuka pamoja. Wageni wakatazamana, kisha wakajisogeza. Mbao zikawa zinagusa chuma. Maxime alisimama na kijiko cha tisa kilichobaki... la, cha tisa alikuwa nacho Mwavita. Cha Maxime hakikuwepo, maskini, naye akabaki akimeza mate.

Kisha kijiko cha Madame Dévote, mama mnene wa wizarani, kikafika chini na kukwaruza.

Valéry akaona rangi ile ya kahawia, akashika kichwa. "Mnisamehe, jamani! Imeungua! Msile hiyo ya chini, tutaimwaga. Huyu mama si shefu wetu, ni msaidizi tu, shefu ni huyu hapa..."

Madame Dévote hakuwa akimsikiliza. Alikuwa ameng'oa kipande, amekitia mdomoni, na kikavunjika kwa sauti iliyosikika meza nzima.

"Ukoko," alisema. "Jamani, ukoko." Akang'oa kingine. "Tulikuwa watoto saba kwetu. Mama aligawa ukoko kwa zamu, na zamu yangu kaka aliniibia, tukapigana mpaka nikavunja jino. Tangu ninunue jiko la umeme sijauona." Machozi yalimlengalenga, akacheka. "Kumbe Wahispania nao wanajua?"

"Ndiyo chakula chenyewe," alisema Mwavita. "Ya juu ni kifuniko tu."

Walikwaruza mpaka chuma kikaonekana. Wawili waligombana kwa mpaka uliovukwa.

Valéry alingoja wageni wakaoshe mikono. Sauti ya asali ilikuwa imekwisha. "Nilikuonya. Umeniaibisha mbele ya watu. Gari inashuka kuchukua maji, itakuacha Kinama. Maxime anajua kupika vyote."

Mwavita alisugua karai kwa majivu na jani la mgomba, taratibu, nje na ndani. Alikausha. Akasokota kitambaa kuwa ngata.

"Mama," Maxime alinong'ona. Kofia alikuwa ameivua. "Ile ya viazi, ya leo jioni. Unaigeuza wakati gani?"

"Inakuambia yenyewe."

"Mi siisikiagi."

"Basi njoo usikilize."

Dereva alimfungulia mlango. Mwavita alipita kando ya gari bila kulitazama, akavuka barabara. Kushoto njia ilishuka Bujumbura. Kulia ilipanda, kati ya migomba, mpaka kituo cha pili ambako viazi vilikuwa vinangoja. Akashika ya kulia.

"We, mama! Unaenda wapi? Nimesema kazi imeisha!"

"Kazi ni yako, patro. Karai ni langu, na mlima ni wa Mungu."

Akapanda. Shingo imenyooka, mikono haishiki kitu. Chuma kile kilikuwa bado na joto, alilisikia hadi utosini. Nyuma yake Valéry alikuwa akipiga kelele, kisha akaacha. Kisha, chini kule, akasikia fimbo ya mgeni ikigonga jiwe, ikimfuata. Baada ya kitambo, nyingine.

Mwenye karai kichwani hawezi kugeuka kutazama nyuma. Mwavita aliendelea kupanda.