Rimu Nyepesi za Dubow

Mume wangu Dubow hakununua rimu nyepesi za gari ili ajionyeshe. Ninalisema hili mapema kwa sababu watu wa Galbet, mtaa wetu hapa Garissa, wana midomo. Alizinunua kwa ajili ya mama yake. Hooyo Kaha, yaani Mama Kaha, alikuwa mgonjwa kule Balambala, na petroli ilivyopanda, Dubow alikuwa akimaliza mwezi mzima bila kumwona. Muuzaji mmoja mjini akamwambia kwamba rimu za alumini ni nyepesi, gari litakunywa kidogo.

"Gari inakunywa vile mguu yako inakanyaga," nilimwambia.

Akacheka. Akauza rimu zote za chuma, na hata gurudumu la akiba akalitoa kwenye buti, eti uzito ni uzito.

Mafuta yalipungua? Labda kidogo, hapa mjini penye kusimama na kuondoka. Kwenye njia ya Balambala, na mguu wa Dubow ule, mimi sikuona tofauti. Lakini aliamini, akawa anakwenda kila Ijumaa, na mama akafurahi. Siku moja mama alimshika mkono.

"Nikifa, wewe ndiyo utaniweka kaburini."

Dubow aliitikia. Mimi nilikuwepo.

Mama alifariki alfajiri moja. Abdikarim, mdogo wake Dubow, akapiga simu: maziko ni baada ya swala ya adhuhuri. Kwetu maiti hawekwi akingoja wasafiri. Tuliondoka Garissa tukiwa na muda wa kutosha, lakini Dubow akalikimbiza gari kama aliyechelewa. Nilimsihi apunguze. Hakunisikia.

Tuliingia kwenye shimo analolijua tangu zamani, na rimu ya mbele ikapasuka. Ya chuma ingepinda tu. Tungeilaza chini tukainyoosha kwa nyundo, tukajaza upepo na kwenda zetu, kama madereva wa huku wanavyofanya siku zote. Hii ilikuwa imeachana vipande. Dubow akaifungua, akajaribu kuibana kwa waya, huku akijua haitashika upepo. Nilimwambia aache, akaendelea. Nilikuwa na hasira naye, na huruma papo hapo.

Simu ilishika mtandao mara moja tu, akampata Abdikarim.

"Walaal, ndugu yangu, mningojee," alisema.

"Walaal, jua ni kali. Masheikh wamekataa." Abdikarim alikuwa analia.

Lori la unga ndilo lililotuchukua hatimaye. Karibu na Balambala tukakutana na wanaume wakirudi makaburini, majembe mabegani. Dubow akashuka kabla lori halijasimama vizuri. Abdikarim akatoka kwenye kundi, akamkumbatia.

"Nimemlaza mimi," alisema. "Nilimwambia ni kwa niaba yako."

 Nilitazama mikono ya Dubow. Ilikuwa na grisi mpaka viwikoni, na udongo wa kaburi la mama yake haukuwapo hata chembe.