Taa Nane za Fundi Mkuu

Fundi mkuu alibana plagi kwenye ncha za kebo za mtandao kwa jicho la fundi cherehani. Ndani ya kila kebo mna nyaya nane, jozi nne zilizosokotwa. Kanuni inataka jozi ya bluu ikae kati ya nyaya mbili za kijani. Yeye alipanga kila rangi na mwenzake, bega kwa bega, kwa sababu ndivyo inavyopendeza. Kanuni, alisema, zimeandikwa na watu wasiojua kupendeza.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, binti aliyetoka chuo cha ufundi, alikuwa kibarua wake kwa mwezi wa tatu. Roho yake yote ilikuwa kwenye fomu ya makabidhiano: atakayeisaini ndiye atakayeajiriwa kutunza mtandao wa jengo jipya la ofisi walilokuwa wakilifungia kebo.

"Shemeji, hizi za kijani hazijakaa sawa," alisema kwa adabu. "Picha zitakwama."

"Taa za kifaa cha kupimia kebo zimewaka ngapi?"

"Nane. Lakini zinaonyesha tu kwamba waya umefika upande wa pili."

"Basi umefika. Au unataka nikuwashie ya tisa?"



Asubuhi ya makabidhiano meneja alipiga simu ya video makao makuu. Mkurugenzi akatokea kwenye skrini, akafungua kinywa, akaganda hivyo hivyo dakika nzima, watu wakitazama magego yake. Fundi mkuu akasingizia mvua. Nje jua lilikuwa linawaka. Akasingizia kompyuta, ikaletwa nyingine, na mkurugenzi akaganda tena, safari hii jicho moja likiwa limefumbwa.

"Nani amebana hizi plagi?" meneja aliuliza.

Fundi mkuu hata hakupepesa macho. "Huyu shemeji yangu. Kazi yote ni yake, nilimwachia ajifunze."

Neno lile lilimchoma binti. Akalimeza.

"Sawa, ni yangu," alisema. "Naomba saa mbili."

Akazikata ncha zote ishirini na nne, akazibana upya kwa kanuni, fundi mkuu akimshikia tochi. Mkurugenzi aliporudi alihutubia bila kukatika, mpaka watu wakatamani agande tena.

Meneja akatoa fomu. Fundi mkuu alishachomoa kalamu.

"Wewe unasaini nini?" meneja alimwuliza. "Si umesema kazi yote ni yake?"

Binti akamwomba fundi mkuu ile kalamu, kwa adabu ileile, akasaini.